Kuukimbia Mpira

Kila msimu ukiisha, klabu yetu hubandika ratiba karibu na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo: wachezaji thelathini, kila mmoja na dakika kumi zake mbele ya kocha. Ndani ya dakika hizo unaambiwa kama mwakani upo au huna chako. Hakuna aliyewahi kuisoma ratiba ile kama ratiba. Tunaisoma kama mganga anavyosoma kiganja. Ukipangiwa asubuhi, mkataba mpya. Karibu na chakula cha mchana, mkataba mpya na mahubiri kidogo. Ukipangiwa jioni kabisa, njoo na boksi la kubebea vitu vyako, maana wakubwa hawapendi mtu atoke analia huku wenzake wamejaa kwenye maegesho.

Mimi, Tegan Mulvaney, miaka thelathini na mitatu, mlinzi, pua imevunjika mara tatu na zote kwa viwiko vya timu yangu mwenyewe, nilipangiwa saa tano asubuhi. Nikanunua pai ya nyama, nikakaa ngazini kuila kwa raha zangu. Sijafika hata katikati, ujumbe ukaingia kutoka kwa Ngaire Pascoe, kocha mpya aliyekuwa na wiki tatu tu kazini: *Nakuhamishia saa kumi na dakika arobaini. Njoo na viatu vya mpira.*

Hakukuwa na zamu baada ya hiyo.

Indi Tsoukalas, winga wetu wa miaka ishirini, alikuwa anasomea begani kwangu bila aibu yoyote.

"Pole, bibi."

"Bibi yako alikuwa mlinzi?"

"Bibi yangu alikuwa anaukaribia mpira zaidi yako." Akamega kipande cha pai yangu. "Ila hivyo viatu ni vya nini? Mtu wa kufukuzwa haambiwi alete viatu."

"Labda wanavitaka. Ni vya klabu."

"Vile? Hata jalala litavikataa."

Nikaenda kazini, kwa sababu mshahara wa mpira wa wanawake hautoshi mtu kuacha spana. Mimi ni fundi bomba. Siku hiyo nilikuwa na choo kilichoziba kule kitongoji cha Werribee, na choo kilichoziba humpa mtu nafasi nzuri ya kufikiri. Viatu vya nini? Kuhusu mkataba sikuwa na la kujiuliza. Mpira wetu unapigwa kwa mguu na kudakwa kwa mikono, na kuangushana kunaruhusiwa. Kompyuta ya klabu inahesabu mara ulizoupiga mpira, mara ulizoudaka, mara ulizomwangusha mtu, na hesabu zangu ni za kufichwa. Mwezi wa tisa mbwa aliingia uwanjani akaugusa mpira mara tatu. Mimi siku hiyo niliugusa mara nne. Kocha aliyeondoka alinibakiza miaka sita, na sikuthubutu kumuuliza kwa nini. Mtu akikosea kwa kukupendelea, humwamshi.

Saa kumi na dakika arobaini nikaingia na viatu mkononi. Ngaire hakunikaribisha kiti. Aligeuza kompyuta yake.

"Huyu nani?"

"Namba ishirini na saba. Mimi huyo."

"Mpira uko wapi?"

"Huo hapo, juu angani."

"Na wewe unakwenda wapi?"

Nikatazama. "Naondoka."

"Mechi kumi, umeukimbia mpira mara thelathini na moja. Ratiba yenu mimi siijui kusoma; asubuhi nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukuaga. Halafu nikaona nimtazame anayeuokota." Akarudisha picha nyuma. Indi anaokota mpira peke yake, mbele kweupe. Aliyepaswa kumwangusha amekwama nyuma ya bega langu. "Ndiyo maana nikakuhamisha. Nimeziangalia zote thelathini na moja. Sijala."

"Hiyo ni kuchunga tu," nikasema. Ndivyo tunavyoita: unamzibia adui njia kwa mwili, bila kumshika, mwenzako apite. "Kila mtu anachunga."

"Usinifundishe kuchunga, nimecheza miaka kumi na miwili. Watu wanachunga mwenzao akishapata mpira. Wewe unaondoka kabla haujadunda. Mpira wenyewe una umbo la yai, hata aliyeushona hajui utadundia wapi. Wewe unajuaje?"

"Sijui."

Lilikuwa jibu la kweli, na baya kuliko yote niliyokuwa nayo.

"Nimebakiza nafasi moja," Ngaire akasema. "Ni yako au ya binti mmoja kutoka mji wa Bendigo, miaka kumi na minane, anapiga mpira mita hamsini. Vaa viatu unionyeshe."

Nje, Indi alikuwa anajifanya anatafuta funguo za gari. Tukamkamata. Kazi yake ilikuwa kuupiga mpira juu kabisa, kisha akimbie kuuokota. Ya Ngaire, kumzuia. Yangu, mnaijua.

Mara ya kwanza kocha aligonga bega langu, akakaa chini kwa makalio. Mara ya pili pia. Akajipangusa nyasi, akasema, "Tena." Macho yalikuwa yanamng'aa kama mtoto aliyefungua saa ya ukutani aone kinachogonga ndani.

Basi na mimi nikashikwa na hamu ile. Mpira ulipopaa mara ya tatu, nikajitazama ninatazama nini. Haukuwa mpira.

"Ni miguu," nikasema. "Indi, ukikimbilia mpira, kabla haujatua unafupisha hatua. Mbili, tatu, ndogo ndogo. Upande unaozifupishia ndiko utakakoupata."

"Mimi? Mimi sijui utadundia wapi."

"Wewe hujui. Miguu yako inajua. Mimi naisoma tu, halafu naenda kumzibia mtu njia."

Tukajaribu mara nne zaidi. Mara tatu ilikuwa hivyo hivyo. Ya nne Indi alijikwaa kwa kujiangalia miguu.

Ngaire alikuwa amesimama mikono kiunoni. "Kwa hiyo inafundishika."

Hapo ndipo nilipotamani kuumeza ulimi wangu. Miaka sita nilikuwa na kitu kimoja ambacho wengine hawana, na nimekitoa bure kwa dakika kumi, kwa kutaka kujua. Binti wa Bendigo angekisoma ndani ya basi akija.

"Inafundishika," nikasema.

"Kwa muda gani?"

"Mimi imenichukua miaka sita na goti moja."

Kocha akanitazama goti, akamtazama Indi. "Haya. Mwezi wa tano urudi mazoezini. Utamfundisha huyu. Siku atakapokuwa ameelewa, nafasi yako inakwenda Bendigo."

Indi akauokota mpira, akaufuta matope taratibu kwa mkono wa jezi.

"Kocha," akasema, "heri nikwambie mapema. Mimi ni mzito sana wa kuelewa. Waulize walimu wangu."