Wingu la Kusini

Mimi ni mtu wa paneli za sola. Chuoni nilipewa kumsimamia Sayi, mwanafunzi wa uzamili aliyetaka kuchora umbo la galaksi ya redio, yaani kundi kubwa la nyota litoalo mawimbi ya redio, kwa sababu idarani hakukuwa na msimamizi mwingine. Nilikubali kwa majivuno, maana galaksi ni neno tamu kulitaja kikaoni.

Galaksi yenyewe ni Centaurus A, jirani yetu kwa vipimo vya mbinguni. Darubini ya redio huona mawingu makubwa yakitoka tumboni mwake, upande mmoja kaskazini, mwingine kusini. Sayi alipata data kutoka kituo kimoja kusini mwa Afrika, akazisafisha kwa kompyuta miezi minne chumbani kwake Ilomba. Machi akaniletea picha. Kaskazini, katikati ya njia itokayo tumboni mwa galaksi, palikuwa na wingu la ziada. Kusini, mahali kama hapo, palikuwa patupu.

Nikamwambia amekosea. Kitu kinachotupa pande mbili, nilimfundisha bila haya, hutupa sawasawa. Alianza kutaja makala zinazosema vingine, nikamkatiza: asiponiletea wingu la kusini, sisaini tasnifu yake. Bila saini asingehitimu, na nafasi ya ualimu msaidizi iliyomngoja ingekwenda kwa mwingine.

Wiki tatu baadaye aliniletea wingu la kusini. Kulipata si kazi. Unaiamuru kompyuta itafute mwanga ndani ya kisanduku ulichokichora juu ya picha, nayo ikikosa mwanga huokota kelele, zile chembe za ovyo za data, na kuzikusanya zifanane na wingu. Mimi hilo sikulijua. Nilisaini, nikajipongeza.

Juni akaja mtahini kutoka Iringa, Dokta Mwantumu, mama wa mtaa wa Kihesa asiyetabasamu kabla ya saa nne asubuhi. Aliweka kidole juu ya picha.

"Hili wingu la kusini umelitoa wapi?"

 Dokta Mwantumu akaeleza taratibu kwamba anayebuni matokeo hafaulu, hata awe na akili za namna gani. Sayi hakunitupia jicho hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Nilishikwa na aibu, ile inayoanzia masikioni.

"Mimi ndiye niliyemwagiza," nikasema.

Nadhani mtahini alikuwa akingoja kuona nani atafungua mdomo. Alifungua ukurasa wa themanini na mbili, kiambatisho cha mwisho. Picha ya kwanza ilikuwa pale, kusini patupu, na chini yake maelezo ya jinsi kisanduku kilivyolizaa wingu la pili.

"Hii hukuiona, Dokta Kalinga?"

"Sikufika huko."

Sayi ni mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu, karibu na Igawa. Nyumbani kwao, aliniambia baadaye, baba akisema ng'ombe wapite kushoto, wanapita kushoto. Anayejua maji yako kulia hambishii. Huenda kulia peke yake, akarudi na tope miguuni, akakaa mahali baba atakapoliona. Kiambatisho kilikuwa tope lake, na mimi sikutazama miguu.

Alipewa mwezi mmoja kurudisha picha ya kweli mahali pake, akafaulu. Mimi niliandikiwa barua ambayo siielezi hapa.

Alipoleta nakala ya mwisho nilimwomba angoje kwenye benchi la koridoni. Nikasoma sura ya kwanza mpaka kiambatisho, saa tatu nzima, chai ikapoa. Ukurasa wa shukrani, ambao siku zote huuruka, niliusoma mwisho. Uliandikwa tangu nakala ya kwanza, sentensi moja: "Namshukuru Dokta Gerson Kalinga, aliyesoma kila ukurasa."

Nilimwita ndani. Nikamwambia aifute sentensi hiyo, kwamba ni uongo na inanidhalilisha.

Sayi alitazama kurasa nilizozikunja, na alama zangu za penseli zilizofika hadi themanini na mbili.

"Sasa ni kweli, Dokta," akasema, akanipa kalamu nisaini.