Mikono ya Mukandori Yatangulia Shambani

Jumatatu, tarehe 14 Septemba 1953. Alfajiri kulinyesha manyunyu, kisha ukungu ukakaa juu ya vilima vya Masisi hata kuku hawakuonekana uani. Mikono ya Mukandori ilikuwa imekwisha kuondoka.

Ilitoka kabla ya wengine, kama kawaida yake. Ilishuka kitandani, ikapita chini ya mlango kwa vidole, ikavuka kijito juu ya gogo, wa kushoto ukiuvuta wa kuume, ambao uliwahi kuvunjika kidole. Mbuzi waliipisha. Mukandori mwenyewe alibaki ameketi mkekani, na pale mikono ilipoishia palikuwa pakavu na laini, kama mgomba uliokatwa zamani. Hakuumwa. Alihisi umande, akajua imefika.

Jambo hili lilianza msimu uliopita. Mukandori aliteleza mteremkoni na kikapu cha mbegu, maharage yakamwagika, na jamaa wakakubaliana kwamba sasa apumzike. Walifanya hivyo kwa heshima. Mkazamwana wake, Rosalie, alimwondolea jembe kwa upole, halafu ungo, halafu hata kisu cha kumenyea mihogo.

"Pumzika, Mama. Ulishatumika sana."

Mukandori alipumzika mpaka mikono yake ikachoka kupumzika, ikaenda peke yake.

Mkatekista Isidore aliulizwa kama jambo hilo ni halali. Akafikiri, akasema mikono ilibatizwa pamoja na mwenyewe, kwa hiyo hana neno nayo, mradi isilime Jumapili. Jumapili haikulima. Ila siku za kazi Mukandori hakuweza kujifunika blanketi wala kufukuza inzi. Alisali rozari bila shanga, akigusa kwa ulimi meno yaliyombakia, moja baada ya jingine. Yalipokwisha, alianza tena.

Asubuhi ile ilikuwa ya kufungua shamba. Katika kilima kile, mama mzee kuliko wote ndiye aliyesali na kudondosha maharage ya kwanza, watu wakaitika, ndipo majembe yakaanza. Mukandori alikuwa amefanya kazi hiyo tangu mama mkwe wake alipofariki. Alimwangalia mwanawe, Kanyamibwa, akifunga mfuko wa mbegu.

"Kanyamibwa, leo munafungua shamba. Munibebe."

"Mikono yako iko kule tayari, Mama."

"Mikono haina kinywa. Nani atasali?"

"Isidore."

"Isidore gani? Yule anasali kama muntu anakimbia mvua?"

Kanyamibwa akacheka, kisha akashusha pumzi. "Njia iko na matope. Tutakubeba na nini?"

"Na kipoyi. Juma lililopita mulimubeba muzungu wa serikali, na yeye iko munene."

"Ule tulilazimishwa, Mama."

Hilo lilikuwa kweli, na Mukandori hakuwa na askari. Rosalie alimlisha viazi, akamfuta mdomo, akaweka kibuyu cha maji karibu kabisa, mahali ambapo angekifikia kama angekuwa na mikono. Wakaenda.

Sauti za shambani zilipanda mpaka mlangoni bila kupotea hata neno. Za mlangoni hazikushuka. Kilima kilikuwa hivyo.

"Ona, ilitutangulia tena!" Huyo alikuwa Colette, jirani. "Mimi pia munitafutie mama mukwe kama huyu, mikono bila kinywa! Inapanda, haigombane, haiulize nani alimaliza chumvi."

Wanawake wakacheka. Mukandori naye akacheka kidogo, maana Colette alijua kusema. Kisha akaacha.

Isidore alisali haraka. Shamba zima likaitika Amina. Mukandori aliitika pia, peke yake, nyuma kidogo. Vidole vyake vikaachilia maharage ya kwanza, naye akahisi udongo baridi na unyevu wake. Inzi akatua pembeni mwa jicho lake, akakaa.

Jua lilipokuwa juu ya ukungu, watu waliweka majembe chini. Hapo Mukandori alihisi kiganja kikiushika mkono wake wa kuume, kiganja chenye kovu la panga. Kanyamibwa alikuwa akiipangusa matope, kidole kwa kidole. Kwa mkono ule ule mama alimvusha mwanawe kijito alipokuwa mtoto. Mukandori akamshika kwa nguvu zake zote, akamvuta kuelekea nyumbani.

Kule chini mwanamume mzima aliinuka, akajikwaa hatua kadhaa.

"Unataka nini?" aliuuliza mkono.

"Niko huku!" Mukandori alipiga kelele. "Mutoto wangu, niko huku! Kuja unichukue!"

Ukungu ulisimama mlangoni. Kuku mmoja aligeuza kichwa.

"Kuna kitu inaomba," alisema Colette.

"Inachoka kutupa mbegu nyuma ya wengine," Rosalie akasema. "Muangalie. Sisi wote tuko na jembe. Yenyewe haina."

Wakaangalia, wakaona ni kweli, wakaona haya. Kanyamibwa alikuwa mwana mwema, machozi yakamlenga. Alivua kofia, akainua mikono yote miwili ya mama yake ili kila mtu aione. Isidore akanyamazisha watoto.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu wote," Kanyamibwa akasema, na sauti yake ikapanda wazi mpaka juu ya mkeka, "ninaahidi: musimu unaokuja, mikono ya mama yangu haitakosa kitu tena. Nitaitengenezea jembe lake, la mupini mufupi."