Senene Si Chakula

Kama kulikuwa na mtu Pasiansi nzima, huku Mwanza, aliyeweza kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti ya biskuti hadi nukta ya mwisho, basi mtu huyo alikuwa Mzee Byabato. Alisoma akiwa amesimama wima katikati ya duka la Faisal, miwani kwenye ncha ya pua, mkono mmoja mgongoni, kama mkaguzi aliyetumwa na serikali.

"Ngano," alisema, akairudisha pakiti. Akachukua nyingine. "Maziwa ya unga." Akairudisha nayo. Ya tatu aliisoma kwa muda mrefu mpaka Faisal akapata matumaini.

"Hii haina ngano wala maziwa."

"Alhamdulillahi," alisema Faisal.

"Lakini imetengenezwa katika kiwanda ambacho husindika pia karanga."

"Mzee wangu, kwani unataka kula biskuti au unataka kula kiwanda?"

Byabato hakucheka. Watu wasiosoma hucheka haraka. Alimweleza Faisal, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri sukari, kwamba yeye alikuwa kwenye mlo wa uchunguzi. Mwili wake ulikuwa umeanza kuota mabaka ya kuwasha, leo shingoni, kesho mgongoni, siku nyingine midomo inafura bila kupigwa na mtu. Ndipo daktari mmoja kijana, binti aitwaye Yasmin, alipomwondolea ngano, maziwa, mayai, karanga, soya, mahindi, nyanya, dagaa na samaki wote, ili mwili utulie kwanza, kisha virudishwe kimoja kimoja mpaka mchawi ajulikane.

Kumwondolea samaki mtu ambaye akifungua dirisha analiona ziwa si jambo dogo. Mwingine angelia. Byabato alijivuna. Maisha yake yote alikuwa akisubiri ugonjwa unaohitaji akili. Mchana wa utu uzima wake aliumalizia kwenye mashine za kuchambua pamba, na jioni akakaa darasani na watu wa umri wa watoto wake, mpaka akapata cheti, ambacho kilitundikwa sebuleni juu kidogo ya picha ya harusi. Mlo huu ulikuwa kama darasa jingine. Aliushika kwa nidhamu, akawaeleza wanajumuiya wote wa kanisani baada ya sala, hata wale waliokuwa wameshavaa viatu.

Tatizo ni kwamba mabaka hayakuisha. Yalipungua, lakini jioni jioni yalirudi.

"Chumvi yako, Mama Renatha," alimwambia mkewe, Kokugonza. "Chumvi yako ina kitu."

Kokugonza alibadilisha chumvi. Mabaka yakarudi. Akabadilisha sufuria, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Mabaka yakarudi. Byabato akaitazama tena chumvi.

"Babu," daktari Yasmin alimwambia kwa upole, "kuna kitu unakula hujaniambia."

"Binti yangu, mimi nimesoma. Nimekutajia vyakula vyote ninavyokula."

Na hakudanganya. Alikuwa ametaja vyakula.

Sasa basi, safari ya Magu ilikuwa imekaribia. Mjukuu wake Jovinary alikuwa amempenda Kija, binti wa Mzee Mhoja, mkulima wa mpunga, na Jumamosi ile ukoo ulikuwa unakwenda kuomba uchumba. Msemaji alikuwa Byabato. Hakuna aliyemteua; alikuwa msemaji kama vile jua lilivyo jua. Ila mdogo wake Cleophace, ambaye huzungumza kama mtu anayekimbilia kivuko, alikuwa amekwisha kupiga pasi koti lake na kuulizia afya ya kaka yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Babu, nakuomba," Jovinary alisema. "Baba yake Kija ana neno moja tu juu yetu. Anasema Wahaya wanajidai. Ukimkalia vibaya, hanipi binti."

"Mimi najidai?" Byabato aliuliza, akiifuta vumbi ile fremu ya cheti.

Ukweni maneno huwa mengi na chakula huchelewa, na hicho chakula kikija yeye asingeweza kukigusa. Mzee mwenye njaa hupoteza methali. Alihitaji kitu cha dharura cha kutia mfukoni: kidogo, kikavu, kisichochuruzika, kisicho na harufu ya kumtangaza.

"Nikuchemshie viazi vitamu," alisema Kokugonza. "Daktari kaviruhusu."

"Viazi!" Byabato alishika kifua. "Mzee wa Kihaya aingie ukweni kwa Wasukuma na kiazi mfukoni? Wakikiona watasema nini? Watasema kwetu migomba imekufa."

Ndizi za kupika nazo ziliruhusiwa, lakini ndizi ikipoa huwa gogo. Ndizi za kukaanga za dukani zilikaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga sambusa. Kuku wa chumvi angelowesha koti. Byabato alirudi kwa Faisal, akasoma pakiti zote zilizobaki, akatoka na maji ya chupa tu.

Alikuwa amekaa chumbani, amekata tamaa, mkono ukifungua droo ya kabati kwa mazoea, akili ilipomjia. Ndani ya droo kulikuwa na kopo la senene, wale panzi wa msimu wa kwao, waliokaangwa wakakauka, ambao mpwa wake aliwatuma kutoka Bukoba. Kila jioni wakati wa taarifa ya habari alikuwa akijipimia kiganja kimoja, wajukuu wasione, kwa sababu wajukuu hawana kiasi. Alitafuna watatu ili afikiri vizuri. Akavaa miwani. Akaitoa karatasi ya daktari, akaisoma juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Ngano, ilikuwapo. Karanga, zilikuwapo. Senene? Hawakuwapo.

Ni kweli hawakuwapo. Na kwa nini wawepo? Daktari alikataza vyakula. Senene si chakula. Senene ni heshima ya mgeni, ni zawadi ya mkwe, ni kitu cha kutafuna wanaume wakizungumza mambo ya maana. Darasa la jioni lilimfundisha kwamba kisichokatazwa na sheria kimeruhusiwa. Byabato alifunga kopo, akalitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akajikuna shingo kwa furaha.

Asubuhi aliondoka bila kula kitu, kulinda tumbo. Njiani, gari lilipopita mashamba ya mpunga, mkono wake uliingia kotini na kutoka, ukaingia na kutoka, akikohoa kidogo kila mara kwa ajili ya kuficha. Kokugonza, aliyekaa nyuma yake, alidhani ni vumbi.

Mzee Mhoja aliwapokea kwa heshima zote. Vijana walisema shikamoo, wazee wakaitikia marahaba, viti vikapangwa sebuleni. Mara ikaja sinia: chai ya maziwa, chapati, mayai ya kuchemsha, bakuli la karanga. Mezani hapo hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho Byabato angeweza kukila.

"Karibu chai, mzee mwenzangu."

"Ahsante sana, nimeshiba."

"Basi karanga."

"Ahsante, hapana."

"Yai?"

"Hapana, ahsante."

Mhoja aliweka yai chini polepole. "Hata maji ya kisima changu?"

"Nimekuja na yangu," alisema Byabato, akaonyesha chupa. Alikuwa na maana njema. Lakini kutoka upande wa wanawake sauti moja ya Kisukuma ilisema kitu kifupi ambacho hakikuhitaji mkalimani. Jovinary alitazama sakafu. Angeweza kueleza kuhusu mlo, lakini Byabato alimkataza tangu nyumbani: msemaji hatambulishwi kwa magonjwa yake.

Aliona mambo yanaharibika, na dawa aliyoijua ilikuwa moja: hotuba. Alijifanya anapangusa jasho, akatupia mdomoni kiganja kizima cha senene kwa ajili ya nguvu, akasimama.

Alianza vizuri. Alilisifu ziwa linalounganisha koo, akaisifu Magu na mpunga wake, na Mhoja akaanza kulegeza mabega. Kisha Byabato akahisi mdomo wa juu unakuwa mzito, kana kwamba mtu ameuwekea mto. Akaendelea. Mdomo wa chini ukafuata. Masikio yakawaka. Neno "uchumba" lilitoka kama mtu anayepuliza moto. Alijaribu "ukoo wa Bwana Mhoja," likatoka povu.

"Anatuigiza?" mtu aliuliza.

Pembeni, Cleophace alifunga kifungo cha koti, akanyanyua nusu ya makalio kutoka kitini.

Hapo ndipo elimu yake yote ilipomgeukia Byabato. Leo hakula chumvi. Hakugusa sufuria. Tangu alfajiri kulikuwa na kitu kimoja tu kilichopita kooni mwake. Akakumbuka kila jioni ya mabaka, akakumbuka taarifa ya habari, akakumbuka kiganja. Ushahidi ulikuwa mfupi kiasi kwamba hata Cleophace angeuelewa.

Angeweza kukaa chini na kumwachia mdogo wake hotuba, heshima yake ikabaki na Mhoja akaamini yale yale aliyoyaamini juu ya Wahaya. Alimtazama Jovinary, ambaye alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Byabato akaingiza mkono kotini, akatoa kopo, akaliweka juu ya meza, karibu na yai alilolikataa.

"Nzee nwenzangu," alisema kwa midomo iliyokuwa mikubwa kama ya sangara, "sikudharau chai yako. Ninaunwa. Daktari anenikataza naziwa, nayai, karanga, karibu kila kitu."

Mhoja alifunua kopo, akachungulia. "Na hawa?"

"Hao," alisema Byabato, "nilijiruhusu nwenyewe."

Mhoja ndiye aliyeanza, kicheko kutoka tumboni, akajipiga paja. Kikavuka kwa wanawake, kikatoka nje kwa majirani ambao hawakujua wanacheka nini. Kokugonza alikuwa ameshafika na kidonge cha daktari kutoka kwenye mkoba wake, akamshikia chupa anywe.

"Mawe, mama yangu! Kila siku nasugua sufuria," alimwambia, "kumbe mchawi analala kwenye droo yako?"

"Mleteeni mkwe kitu cha kula," Mhoja aliamuru akifuta machozi. Alikuwa amekwisha kusema mkwe, na Jovinary alifumbua macho. "Mama Kija! Huyu mzee anaruhusiwa nini?"

"Viazi vitamu," alisema Kokugonza, kabla mumewe hajapata mdomo wa kumzuia.

Ikaletwa sahani ya matobolwa: viazi vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vikavu na vitamu. Havina mafuta, havina maziwa, havina kiwanda. Byabato alitafuna kimoja kwa uangalifu wa mwanasayansi, upande ule wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi. Akachukua cha pili. Cha tatu hakukifanyia uchunguzi wowote. Midomo ilipopungua alisimama tena akamalizia hotuba yake, fupi kuliko alivyoikusudia, na wote waliohudhuria walisema hajawahi kuzungumza vizuri namna ile.

Jioni walirudi Mwanza na tarehe ya kikao cha mahari. Kopo la senene lilikuwa kwa Cleophace, aliyetafuna njia nzima bila kuota hata kipele, jambo ambalo kaka yake aliliona kama kukosa adabu. Mfuko wa ndani wa koti la Byabato ulikuwa umejaa matobolwa aliyofungiwa na Mama Kija, na mkono wake uliingia na kutoka bila kukohoa.

"Baba Renatha," Kokugonza alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Naam."

"Na chumvi yangu?"

Byabato alitazama nje, kana kwamba kulikuwa na kitu barabarani kinachohitaji kusomwa. Kisha akatoa kipande kimoja cha matobolwa, kile kikubwa, akakipitisha juu ya bega lake bila kugeuka.

"Nitamweleza daktari," alisema, "kwamba chumvi tumeichunguza. Haina neno."