Vyuma Ndani ya Karosari

Philomène alipolisukumisha gari lake mpaka garaji ya Bulaimu, pale Mikelenge, alikuwa ameshapanga hata safari ya kwanza: chumvi, sabuni na samaki wakavu, kwenda kuwauzia wachimbaji wa Kama. Gari lenyewe lilikuwa refu, la njia mbaya, na lilikuwa limelala miaka mingi nyuma ya bohari lenye paa bovu. Injini ilikuwa inafaa. Shasi ilikuwa nzima. Karosari, yaani bodi lake, ndiyo iliyokuwa imeoza. Ukibonyeza sakafu yake kwa kidole, kidole kilitokea upande wa pili.

"Tutainyanyua yote itoke juu ya shasi," Bulaimu alimwambia, "tuweke sakafu mupya, halafu tuirudishe. Unipe juma mbili."

Philomène alikubali bila maneno mengi. Hakuwahi kufikiria fundi mwingine. Marehemu mume wake, Léon, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika garaji hii hii, Bulaimu akiwa patroni aliyemwajiri, tena rafiki yake. Na Bulaimu ndiye aliyemzika mwaka 2002, wakati Philomène alikuwa amekimbilia msituni pamoja na watoto wawili. Aliporudi mjini vita vilipotulia, Bulaimu alimpeleka mpaka kaburini akamwambia kwamba askari wamemuua. Tangu siku hiyo kila sikukuu alimletea mchele, na mwanawe Joël alipoanza shule, ni Bulaimu aliyemnunulia viatu.

Siku ya nne Philomène alikuja kuangalia kazi, akakuta gari liko vile vile. Ila ndani lilikuwa limejaa vyuma. Mabomba yalikuwa yamechomelewa kwenye kila mlango, moja kiunoni, moja begani, na jingine limekatiza mshazari. Mengine yalitoka ubavu huu mpaka ubavu ule. Bulaimu alikuwa amepiga magoti, akipima upana wa mlango kwa kijiti alichokikata siku ya kwanza, aone kama umebadilika hata kidogo.

"Shemeji, mpaka leo bado?"

"Bado. Naishikilisha kwanza."

"Lakini hii vyuma yote utaitoa tena!"

"Nitaitoa, njo ndiyo. Ila chini pameoza. Hakuna kitu kinashika mbele na nyuma."

"Mvula iko karibu, na njia ya Kama unaijua." Philomène alipiga paa kwa kiganja. "Inueni tu! Mingine mutatengeneza kisha."

Kijiti kilimwanguka Bulaimu. Alikaa chini pale pale, kwenye udongo wenye mafuta, mzee wa miaka sitini na nne, na Philomène akadhani ameshikwa na ugonjwa.

"Shemeji? Uko na nini?"

"Ile siku, njo vile alisema," Bulaimu akajibu. "Komanda. 'Inueni tu.'"

Halafu akamweleza, bila kumtazama.

Mwaka ule mji ulikuwa umezungukwa. Hakuna treni, hakuna njia, watu walikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Askari walioshika mji walileta gari lililooza pamoja na karosari nzuri waliyoitoa mahali pengine. Komanda wao alitaka karosari zibadilishwe kabla ya saa nane. Léon alizunguka lile gari mara mbili, akaja kumnong'oneza patroni wake kwamba litakunjika. Wachomelee hata vyuma viwili. Lakini jenereta halikuwa na mafuta. Askari wenyewe walikuwa wameyanyonya.

"Akasema, basi tufunge miti, tukaze na waya. Ni kazi ya saa moja tu. Mimi nikamuangalia komanda. Alikuwa amekaa juu ya pipa, bunduki kwenye mapaja. Nikamwambia Léon, hapana, tuache."

Wakasimamisha magogo matatu, wakatundika mnyororo wa kuinulia. Bolti moja ya nyuma ilikuwa imeshikwa na kutu. Léon akaingia chini na msumeno. Akapaza sauti: patroni, ngoja, usivute.

"Komanda akasimama," Bulaimu alisema. "Hakuinua bunduki. Alisimama tu. Akasema, 'Inueni tu.' Na mimi nikavuta."

Karosari ilikunjika katikati. Nusu ya mbele iliteleza, ikambana Léon kifuani kwenye shasi. Askari walicheka kwanza, wakidhani ni gari tu limeharibika.

Philomène alikuwa amesimama, mikono imeshika kitenge chake.

"Uliniambia askari njo walimuua."

"Nilisema vile."

"Mnyororo ulikuwa mukononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Ulimusikia akisema ngoja?"

"Nilimusikia."

Fundi wa jirani aliacha kugonga bati, akawatazama, akaendelea kugonga.

"Miaka makumi mbili na mbili nakula mchele yako," Philomène alisema. Sauti yake haikupanda. "Utamaliza hii gari. Na siku ya yenga utakuja kwangu, utawaambia watoto. Kwa kinywa yako. Mimi siwezi kukubebea hii."

Kesho yake Bulaimu aliinua karosari. Hakumruhusu mtu yeyote kupita chini yake. Ilipanda imenyooka, na kijiti kilipopimwa tena milangoni kiliingia sawasawa. Hakusikia furaha yoyote.

Siku ya yenga, Jumapili, alikwenda. Joël, ambaye sasa alikuwa mwalimu, alimpa kiti. Mdogo wake, Ange, akaleta maji. Philomène alikaa karibu na mlango. Bulaimu alisema yote kama alivyoyasema garajini, hakupunguza. Alipofika kwenye neno "nikavuta", Joël aliinuka akatoka nje, na viatu vyake vikasikika mpaka barabarani.

Ange, ambaye alikuwa na miaka miwili baba yake alipokufa, ndiye aliyebaki.

"Alikufa palepale?" akauliza.

Bulaimu angeweza kusema ndiyo. "Hapana," alijibu. "Alifika mpaka magaribi. Aliomba maji, hakuweza kuyameza."

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye."

Ange aliitika kwa kichwa, akakichukua kile kikombe cha maji ambacho mgeni hakukigusa, akaenda nacho jikoni.

Gari lilitoka garajini kabla ya mvua. Philomène alituma dereva kulichukua. Siku hizi likiharibika hulipeleka kwa fundi mwingine, Kasuku, na mchele wa sikukuu unarudishwa mlangoni. Joël akimwona Bulaimu sokoni hubadilisha njia. Ange humsalimia: "Jambo, muzee." Hasemi zaidi ya hapo, na Bulaimu hajawahi kuthubutu kumwomba zaidi.