Idara ya Nyumba ya Mzee Jaifar

Mwanamme akistaafu, anayeanza kazi ni mkewe. Na mkewe akiwa na mfanyakazi wa nyumbani, basi kazi hiyo wanagawana. Nakayiza aliujua ukweli huu siku Mzee Jaifar aliporudi nyumbani kwake, mtaa wa Ghubra, na shada la maua ya plastiki, cheti cha shukurani, na miaka thelathini na mbili ya wizarani isiyokuwa tena na pa kwenda.

Wiki ya kwanza alilala. Ya pili alivipanga viatu vya watu mlangoni kwa ukubwa. Ya tatu alifukua kitabu kikuukuu alichokuja nacho kutoka Unguja, cha Kiingereza, cha zama za Malkia Viktoria, vichekesho vitupu vya mambo ya ndani ya nyumba: waume wanaojitia ufundi, wake wanaonuna siku tatu, wapishi wanaofunga virago wageni wakiwa mlangoni. Kila baada ya sala ya alasiri alikaa na chai yake ya tangawizi, akasoma, akacheka mpaka machozi, kisha akamfasiria mkewe.

"Sikiliza hii, Mama Alaa. Bwana huyu kaona nyumba yake shaghalabaghala, basi kaitungia sheria. Kila mtu aandike anachokitaka! Waingereza bwana, wajinga hawa!"

"Na mwisho wake ikawaje?" aliuliza Bi Hamdiya, macho yake yako kwenye kofia aliyokuwa akiishona.

"Mwisho sijaufikia."

Laiti angaliufikia! Kesho yake alikwenda duka la vifaa vya ofisi akarudi na fomu mia mbili, trei mbili, na muhuri wa mpira ulioandikwa IDARA YA NYUMBA: IMEIDHINISHWA. Meza akaiweka ubavuni mwa televisheni. Kisha akawaita watumishi wake wote, yaani mkewe na Nakayiza, akawahutubia kwa robo saa. Tangu leo, alisema, hakinunuliwi kitu wala hakitengenezwi kitu ila kwa ombi la maandishi, nakala mbili, na sababu.

"Mie," alisema Bi Hamdiya, "sijapata kuandika ombi la chumvi tangu nizaliwe, na leo sianzi." Akarudi kwenye kofia yake. Kwa hivyo maombi yote, ya chumvi na ya sabuni, yakamwangukia Nakayiza.

Nakayiza alikuwa Mganda, mtu wa Masaka. Kiswahili alichokuja nacho kilikuwa cha kuulizia njia tu. Hiki cha kujibia watu alifunzwa na Bi Hamdiya, kwa kukaripiwa, mpaka akaweza na yeye kukaripia. Alikuwa na miaka miwili na miezi saba katika nyumba ile. Mkataba wake ulisema miaka miwili, kisha likizo. Mara tatu alikwisha kuomba kwenda kwao kumwona mwanawe, na mara tatu Mzee Jaifar alimjibu "Inshallah", ile inshallah ya kumwondoa mtu mbele ya macho, kisha akaulizia chai yake. Mara ya tatu Nakayiza alikwenda kulia kwenye chumba cha kufulia, mashine ikizunguka ili asisikiwe. Sasa aliziangalia fomu zile mia mbili, akajiambia, kumbe huyu mzee dawa yake karatasi.

Alianza na vitunguu. Sababu ya ombi: vimekwisha. Fomu ikarudi: *Eleza matumizi.* Akaeleza: kuliwa. Ombi la mtungi wa gesi likarudi kwa kukosa tarehe. Akatia tarehe, likarudi kwa kukosa nakala ya pili.

"Baba, gesi imebaki kidogo sana," alisema.

"Utaratibu, binti yangu," alisema Mzee Jaifar, akaigonga ile trei kwa kalamu. "Nchi zote zilizoendelea ziliendelea kwa utaratibu."

Siku ya Jumatano, chini ya ombi la tatu la gesi, Nakayiza akaliweka la kwake.

Ikafika Ijumaa. Kila Ijumaa mtoto wao Alaa alikuja kula kutoka mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na mkewe na watoto watano, na watoto wale walikuwa hawana simile na biriani ya bibi yao. Saa tano na robo, nyama bado inashindana na kisu na mchele ndio kwanza umetiwa, moto ukafanya *pu*, ukazimika. Nakayiza alitikisa mtungi. Bi Hamdiya naye akautikisa, akautukana kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, lakini mtungi ukikwisha umekwisha, hauna lugha unayoisikia.

Mzee Jaifar alirudi msikitini anajilamba midomo. Kwa amri ya Bi Hamdiya, sinia likatandikwa vivyo hivyo. Mjukuu wa kwanza akatia tonge mdomoni, na watu wote wakasikia *kra, kra*.

"Bibi, wali unavunjika!"

Alaa alitafuna, akatafuna, akakata tamaa. "Mama, mmeishiwa gesi?"

"Hatujaishiwa, mwanangu," alisema Bi Hamdiya, anampangia mumewe nyama mbichi kwa mapenzi makubwa. "Gesi tunayo. Iko kwenye trei."

Mzee Jaifar aliinuka kama aliyekalia kaa la moto. Akauendea muhuri wake, na pale pale, mbele ya wajukuu, akaipitia trei nzima: pa! gesi, pa! sabuni, pa! balbu ya chooni, sahihi hapa, sahihi pale. Kisha akautia mtungi begani, na kanzu yake ya Ijumaa mwilini, akatoka mbio kulifukuza gari la gesi aliloisikia honi yake mtaa wa pili. Hakulipata. Alirudi na kutu mgongoni kuanzia bega mpaka kiunoni, akakuta watu wanakula mkate na jibini.

Nakayiza ndiye aliyekwenda kuzikusanya fomu. Ya nne kutoka juu ilikuwa yake. Imeidhinishwa. Sahihi yenyewe, na mkia wake mrefu. Akakaa sakafuni.

Alimpigia simu Wambui, rafiki yake Mkenya aliyekuwa akifanya kazi saluni.

"Nyamaza kabisa!" Wambui alimwambia. "Hiyo karatasi kunja, ficha, ukate tiketi kabla huyo mzee hajashtuka. Usiniletee mambo ya ukweli hapa."

Maneno ya Wambui yalikuwa na akili, na Nakayiza alijua. Lakini moyo ulimkataa. Hakutaka kutoka nyumba ile kama aliyeiba sukari. Alitaka aambiwe "nenda" na mtu anayemtazama usoni. Basi Alaa na watu wake walipokwisha kuondoka, akapika chai kwa birika la umeme, akaipeleka sebuleni, na karatasi juu ya trei ya chai.

"Hii nini tena?" aliuliza Mzee Jaifar, amechoka.

"Likizo yangu, Baba. Umeidhinisha leo."

Sindano ya Bi Hamdiya ilisimama. "Umempa likizo? Na Ramadhani hiyo inabisha hodi? Nani atakayesukuma manda za sambusa?" Kisha macho yakamwingia ujanja. "Hebu ngoja. Uliisoma hii, Baba Alaa, au ulipiga muhuri tu?"

Hapo mzee alibanwa. Miaka thelathini na mbili alijisifu mbele ya kila mgeni kwamba hajapata kutia sahihi karatasi asiyoisoma. Akisema hakusoma, sifa imekwenda. Akisema amesoma, Nakayiza amekwenda.

"Nimesoma," alisema. "Neno kwa neno."

"Sababu yake nini?"

"Kumwona mwanawe." Hilo alilikumbuka, amelisikia mara tatu.

"Na jina la mtoto limeandikwa humo?"

"Limeandikwa."

"Basi anaitwaje?"

Mzee Jaifar aliitazama karatasi, lakini miwani ilikuwa kule mezani kwenye muhuri. Akamtazama mkewe, amsaidie. Bi Hamdiya alikuwa amekwisha kutabasamu, mtego umenasa. Kisha tabasamu likamtoka polepole. Jina la mtoto na yeye alikuwa halijui.

Nakayiza aliiweka trei mezani.

"Mimi nawajua wajukuu wenu wote watano," alisema. "Najua nani hali samaki na nani anakojoa kitandani. Najua sukari ya Baba kila asubuhi ni ngapi. Mimi mwanangu anaitwa Nasanaeri. Nilimwacha ana miaka minne. Meno ya mbele yameng'oka, yameota mengine, na hayo ya kwanza sikuyaona yaking'oka, na haya mapya sijayaona." Akalia, na akakasirika kwamba analia.

"Nasanaeri," alisema Bi Hamdiya. Aliiweka kofia chini. "Astaghfirullah. Nimekufunza mpaka mkate wa kumimina, mwanangu, na hili sijakuuliza."

Mzee Jaifar alikohoa. "Sikuisoma," alisema, na neno lile lilimtoka kwa taabu. Akainua uso akamtazama Nakayiza. "Lakini muhuri wangu, na sahihi yangu. Utakwenda, binti yangu, kabla ya Ramadhani. Manda ntasukuma mie."

"Andika ombi," alisema Bi Hamdiya, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nakala mbili."

Mzee alikwenda kuchukua miwani yake, akakaa, akaanza kuisoma ile karatasi kutoka juu, kidole chini ya kila neno, midomo ikitikisika. Nakayiza hakumngoja amalize. Alikwenda chumbani kwake, akavuta sanduku chini ya kitanda, akaanza kulipangusa vumbi.