Mwalimu Wahome Aita Rejista Makaburini

Kama kuna mtu aliyewahi kumaliza ibada kwa sentensi moja, ni Mwalimu Wahome. Na hakuwa na nia mbaya, jamani. Alisimama tu mbele ya lile kanisa la mawe lililo kati ya Kisaju na Kajiado, kalamu mbili mfukoni, kitabu kipya cha rejista kwapani, akasafisha koo kama alivyolisafisha miaka thelathini na nne akiwa hedimasta, akasema: "Kila mtu ataje kwa sauti majina ya watu wake waliozikwa huko nyuma. Tuanze na benchi la mbele."

Benchi la mbele lilikuwa la wazee wa Kimaasai. Waliangaliana. Mmoja akachukua rungu yake akatoka. Wa pili akamfuata. Akina mama wa benchi la tatu nao wakakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanyweshwa, ingawa mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Baada ya dakika tano walikuwa wamebaki Wahome, Pasta Leshan, na Wakikuyu kumi na mmoja kutoka Kitengela ambao hawakuwa na mtu hata mmoja kwenye makaburi hayo, lakini walikuwa tayari kabisa kutaja majina.

"Mwalimu," Pasta Leshan akasema, mkono kichwani, "si ungeniuliza kwanza?"

"Nikuulize nini? Jina ni jina!"

Pasta akamkalisha chini akamweleza. Kwao Umaasaini mtu akishaenda, jina lake linaachwa lipumzike pamoja naye. Watu wa nyumba yake hawalitaji tena. Majirani nao, kwa kuwaheshimu wenye nyumba, hawalitaji. Wokovu umeingia, shule zimeingia, simu zimeingia, lakini hilo wazee bado wanalishika.

Kwa Wahome ilikuwa kinyume. Kwao Nyeri marehemu huitwa mchana kutwa. Yeye mwenyewe ana jina la babu yake. Binti yake, Ciku, ana jina la mamake Wahome, na akimpigia simu humwita "mama" na kumwuliza kama amekula. Kwake yeye, kulinyamazia jina la marehemu ndiko kumkosea. Na sasa alikuwa amewafukuza kanisani watu wale wale aliowahitaji kuliko chakula.

Maana shida yenyewe ilikuwa hii. Mke wake, Mama Ciku, alikuwa amezikwa hapo mwezi wa pili. Yule mama alikuwa ameolewa na mwalimu wa serikali, na mwalimu wa serikali ni mtu wa kuhamishwa. Walihama mara saba. Mara saba alifunga masufuria kwa shuka, mara saba akaacha sukuma wiki ikiwa ndiyo kwanza inaanza kukubali. Alipougua alimwambia Wahome mambo mawili. La kwanza, hatalala kwenye ploti yao ya Kitengela, kati ya tanki la maji machafu na kamba ya nguo za wapangaji. La pili: "Uniweke pale nyuma ya kanisa la mawe penye upepo. Na uniahidi, baba Ciku, hapo sihami tena."

Aliahidi. Alimzika. Miezi sita haijaisha, watu wa kuuza ploti wakasimamisha vigingi vyekundu hatua ishirini kutoka kichwani pa Mama Ciku, wakidai uwanja wote ule ni wao.

Afisa wa ardhi alikuja Alhamisi, siku tatu kabla ya ile ibada, kijana mmoja mnene mpole anayeitwa Munguti, akatembea kule na huku akichuna miiba kwenye soksi. "Mzee, mimi naona miti na mchanga," akasema. "Makaburi ni gani?"

"Haya yote! Thelathini na moja! Watu wamezikwa hapa tangu wamisheni wafike."

"Niko na form hapa. Form inataka majina. Ukinipa majina, hii ni makaburi na hakuna mtu anaigusa. Usiponipa, nitaandika ni shamba lenye kaburi mbili tatu. Na kaburi mbili tatu, mzee wangu, huhamishwa."

Lile neno la kuhamishwa lilimchoma Wahome kama sindano. Akapewa wiki moja.

Msidhani alikuwa amekaa bure. Kazi ya kufufua makaburi yale alikuwa ameianza zamani, kwa mikono yake. Alifyeka miiba, akafukuza mbuzi, akarudi akawafukuza tena, akapanga mawe kuzunguka kila tuta na kuyapaka chokaa. Alitafuta kitabu cha wamisheni akakipata ndani ya sanduku la kanisa, lakini mchwa walikuwa wameanza ukurasa wa kwanza wakala kwa utaratibu hadi jalada la nyuma. Wakatoliki, ng'ambo ya barabara, wao wana vitabu vitatu vya makaburi, vyote vizima, na wanapenda sana kukueleza. Sisi Waprotestanti tulikuwa na sanduku la vumbi na mawe matatu yenye maandishi: la mmishenari, la bibi yake, na la tatu lililochongwa vizuri kushinda yote, limeandikwa kwa Kizungu, "Rufus, Rafiki Mwaminifu, 1938."

Wahome alimpenda Rufus. Alilisugua lile jiwe kwa mswaki. Mwezi wa nne alisimama kanisani akatoa historia fupi ya Bwana Rufus, mtumishi aliyeacha kwao ng'ambo akaja kutembea na wachungaji wa hapa bila kulalamika. Watu waliitikia amina. Siku ya usafi, Mzee Kuntai, ambaye ndiye mzee wa kanisa mkubwa kuliko wote pale, alimvuta kando na kumwambia kwa upole kwamba Rufus alikuwa mbwa. Tena mkali, alimwuma mjomba wa Kuntai mwenyewe kwenye tako. Wahome hakula chakula cha jioni siku hiyo.

Sasa basi, Jumatano, siku moja kabla Munguti hajarudi, Wahome alijikaza kisabuni akaenda kwa huyo huyo Mzee Kuntai. Wote waliomkimbia kanisani walikuwa wanamsikiliza Kuntai. Akikubali yeye, wamekubali wote.

"Sopa," Wahome akasalimia langoni.

"Epa. Karibu, Mwalimu. Umekuja na ile kitabu yako?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Basi keti."

Chai ililetwa na Soila, mke wa Kuntai, ambaye kila mtu humwita Koko, yaani nyanya. Mama mwembamba, macho makali, hana muda wa upuuzi. Wahome aliomba msamaha kwa mambo ya Jumapili. Akaeleza habari ya form, ya vigingi, ya Mama Ciku kuhama mara saba. Kuntai alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, nakuhurumia. Lakini yule aliyenizaa amelala. Nikimwita, si ataamka? Na akiamka nitamwambia nini, kwamba serikali inataka kujua anaitwa nani?"

"Lakini mzee, mimi binti yangu namwita mama yangu kila siku, na hakuna..."

"Unamwita marehemu akuletee chai?" Kuntai alisogeza kiti nyuma kidogo. "Wewe ni mtu jasiri."

Hapo Koko, aliyekuwa anaosha vibuyu mlangoni, akacheka hadi akakohoa.

"Nyinyi wazee mnanichosha," akasema. "Kuntai, mbwa wa mzungu ako na jiwe na jina. Aliyekuzaa wewe, aliyejenga hiyo kanisa kwa mgongo wake, hana hata kijiti. Kesho watu wa ploti wakichimba choo pale, utawaambia nini? Kwamba ulikuwa na heshima?"

 Kuntai alitazama upande wa kanisa mpaka chai ya Wahome ikashika utando.

"Mdomo wangu hauwezi," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Nani amekuomba mdomo?" Koko akajibu. "Kila asubuhi unamtumia meseji yule mtu wa maziwa. Mdomo umefungwa, sawa. Vidole navyo vimefungwa na nani?"

Wazee wawili waliangaliana. Lilikuwa jambo zito. Walilijadili saa nzima, na Pasta Leshan akapigiwa simu atoe maoni, akasema Biblia haijagusia meseji. Mwishowe Kuntai akaamua: kuandika si kuita. Aliyelala hasikii vidole.

Alhamisi asubuhi makaburi yalijaa. Wale wote waliotoka kanisani walirudi, kila mmoja na simu, wengi na kabambe za vitufe zilizofungwa kwa mpira. Munguti aliwekewa kiti cha plastiki kivulini, form yake mapajani. Mpango ulikuwa kwamba mwenye kaburi anasimama kando ya tuta lake, anamtumia Wahome jina, Wahome anamwonyesha afisa, afisa anaandika, na hakuna mtu anayefungua mdomo.

Kuntai alianza. Alisimama kwenye tuta la babake, akaandika polepole kwa kidole gumba, ulimi umetokeza pembeni, akatuma. Simu ya Wahome ikalia.

Hapa lazima nieleze kitu. Macho ya Wahome yalikuwa yameanza kumsumbua, na Ciku alikuwa ameiseti simu ya babake iwe inamsomea meseji kwa sauti. Wahome alikuwa amezoea kiasi cha kusahau kabisa. Kwa hiyo ile simu, mbele ya ukoo mzima, ilitangaza kwa sauti ya mama wa Kizungu, kali kama ya stesheni ya treni, jina la baba yake Mzee Kuntai. Jina lenyewe mimi pia silitaji hapa, maana bado namhitaji Mzee anisalimie.

Ngai! Mama mmoja aliangusha simu. Wahome aliikumbatia ile yake kifuani kama mtu anayezima moto, na ikamaliza kwa kusema saa na tarehe.  Wahome aliona wiki yote, ahadi yote, vinamwagika.

Kuntai alitazama tuta. Akalitazama kwa makini, upande wa kichwa, upande wa miguu. Halikutikisika.

"Huyo mama wa ndani ya simu," akauliza, "ni wa ukoo wetu?"

"La, mzee! Hata si wa Kenya!"

"Basi hakuna mtu wa nyumbani aliyemwita." Akavuta pumzi. "Lakini mfunge mdomo. Ana kelele."

Koko aliinyakua simu akaibonyeza bonyeza hadi ikawa bubu. Watu wakacheka kwa woga kwanza, halafu kwa kweli, na kazi ikaanza. Meseji zilikuja kama mvua. Munguti aliandika hadi mkono ukamwuma. Wazee ambao hawakuwa wametaja majina yale tangu utotoni walisimama wakitazama skrini, na mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alifuta machozi kwa shuka bila kuona haya. Hata Rufus alijadiliwa, Munguti akasema mbwa hahesabiwi, akatoa moja kwenye thelathini na moja, Kuntai akasema asante.

Saa sita ikafika. Munguti akahesabu mistari.

"Vizuri sana. Makaburi ni thelathini, na niko na majina ishirini na tisa." Akaelekeza kalamu kwenye tuta la mwisho, lenye saruji mpya isiyo na maandishi. "Hii hapa ndiyo imebaki. Jina?"

"Hiyo," Wahome akasema, "ni ya..."

Na jina likakwama. Jina alilolipaza kutoka sebuleni hadi jikoni miaka arobaini na moja, akitafuta miwani, akitafuta soksi, akitafuta tu mtu wa kumjibu, lilipanda hadi kooni likakaa hapo. Tangu mazishi hakuwa amelitamka. Mama Ciku, Mama Ciku, ndivyo alivyopita miezi yote hii, wala hakuwa amejiona. Hata fundi wa jiwe, Wahome alikuwa amemwambia angoje kidogo.

"Mzee?" Munguti akauliza. "Form haiwezi kwenda na pengo."

Wahome akaitazama ile saruji. 

"Mwache, afisa," Kuntai akasema, akaja kusimama karibu naye, bega kwa bega. "Huyu leo ni Mmaasai."

Watu waliangua kicheko, Koko akipiga makofi, na Wahome naye akacheka, machozi yakimtiririka hadi kwenye kola. Uchungu ulimshika kabisa, akauacha umshike. Kisha akatoa simu. Akafuta miwani kwa tai, akaandika herufi moja moja, akamtumia Mzee Kuntai aliyekuwa hapo hapo ubavuni mwake.

Kabambe ikalia. Kuntai akasoma, midomo imefungwa, akaipeleka kwa Munguti kwa mikono miwili. Munguti alitazama skrini, akafungua mdomo kusoma kwa sauti kama alivyozoea ofisini, akamwona Wahome, akaufunga. Aliinama akaandika.

"Herufi ya mwisho ni A?" akauliza polepole.

"Ni A," Wahome akasema. "Na uandike kwa wino, kijana, si penseli. Huyo hahami tena."