Gari Lililokuwa Njiani

Darubini ya binti yangu niliinunua kuukuu kwa mwalimu mstaafu, mguu mmoja umefungwa waya.

"Fundi, anzeni mchana," akaniambia. "Lengeni kitu cha mbali kisichotikisika, muiweke sawa, ndipo usiku mtauona mwezi. Jua msilitazame kamwe. Na msishtuke, inaonyesha vitu kichwa chini."

"Kama wakubwa wetu," nikamjibu.

Mimi ni fundi viatu, mambo ya nyota siyajui. Tukapanda juu ya paa, tukalenga tangi la maji la hospitali, ng'ambo ya bonde. Binti akafumba jicho moja, akacheka. Kisha akaisogeza kidogo hadi ua wa nyuma, na kicheko kikakatika.

"Baba, gari la wagonjwa liko juu ya mawe. Halina magurudumu. Nyasi zimefika dirishani."

Nikatazama. Gari lile, la pekee hospitalini, lilikuwa limekufa miaka mingi.

Mwaka jana tu, mama yake alipozidiwa, nilipiga simu hospitali mara nne. Mara zote nne waliniambia gari liko njiani. Jirani alileta pikapu yake, nikamshukuru nikamrudisha. Mke wangu akakata roho mlangoni, viatu miguuni. Waliosema vile bado wamekalia viti vyao.

"Baba, kumbe tungempakia tu kwenye pikapu?"

Nilitaka kumficha. Lakini uongo wa wakubwa ulishatutosha.

"Tungempakia, mwanangu," nikasema.